Msanii Asiye na Irabu

Mtangazaji huyo alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini lilibaki kwenye kitambulisho na kwenye bili ya umeme. Redioni alijiita Sikio la Tatu, na watu wakalifupisha likawa Sikio. Mkewe, mwalimu wa hesabu na mtu anayependa mambo yajumlike, hakuacha kumchokoza: "Masikio matatu, na bado nikikuita uje kula husikii."

Kila Jumamosi saa nane mchana, watu wakiwa wameshiba na wengine wamejilaza, Sikio alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, akajifungia kwenye studio ambayo kuta zake zilibandikwa vipande vya sponji vilivyopatikana kwa bei ya chee hapo hapo chini. Chumba kilinuka godoro jipya mwaka mzima. Alivaa hedifoni, akaivuta maikrofoni karibu na midomo kama mtu anayetaka kuitobolea siri, akafungua kipindi chake, Mawimbi ya Pembeni: saa mbili za muziki wa kielektroniki wa wanamuziki huru, yaani wale wasio na kampuni, wasio na wakala, na mara nyingi wasio na msikilizaji.

Hilo la mwisho ndilo lililomkosha. Mwanamuziki akifikisha wasikilizaji mia mbili, Sikio alianza kumtilia shaka. Akifikisha elfu, alimsomea risala hewani kama anayemuaga marehemu. "Alikuwa mzuri sana," alisema kwa huzuni ya kweli. "Lakini sasa anapendwa."

Wapenzi wa kipindi walikuwa kama arobaini, ukimhesabu na mlinzi wa kituo cha mafuta ambaye kitufe cha redio yake kilikatika kikiwa kwenye masafa hayo. Kiongozi wao, ingawa hakuna aliyemchagua, alikuwa mkutubi wa maktaba ya manispaa. Huyu alipiga simu kila wiki kusahihisha mwaka wa wimbo fulani, na Sikio alimheshimu kama mtu anavyomheshimu daktari wake wa meno.

Sasa, Sikio alikuwa na shemeji, kaka wa mkewe, fundi wa mafriji. Karakana yake ilikuwa mtaa wa pili, chumba kirefu chenye mafriji kumi na moja yaliyosimama milango wazi kama wagonjwa wanaosubiri kuchunguzwa koo. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi, na alipenda muziki kuliko alivyosema. Miaka miwili nyuma alimletea Sikio flashi iliyozungushiwa utepe mweusi wa umeme. "Shemeji, nimetengeneza vitu vidogo vidogo kwenye kompyuta. Ukipata nafasi, sikiliza."

"Nitasikiliza," Sikio akajibu, kwa sauti ile ile ya watu wanaosema nitakupigia. Na mkewe alipouliza, alisema wazi, "Mtu nimemwona jana ameingiza kichwa kwenye friji, leo nimpigie redioni? Sanaa inataka umbali."

Umbali ulikuja mwanzoni mwa mwaka, kwa baruapepe. Nyimbo sita, hakuna picha, hakuna salamu, hakuna maelezo. Jina la msanii lilikuwa herufi sita tu: Fnd Frj.

Sikio alivaa hedifoni bila kutarajia makubwa. Wimbo wa kwanza ulianza na mngurumo wa chini, mzito, unaotetemeka kidogo kama mtu anayejizuia kulia. Ukaja mdundo mkavu, tak, tak, tak-tak, halafu juu yake kitu kilichovunjika taratibu, kama barafu inayoachia. Alisikiliza nyimbo zote sita bila kunyanyuka. Alipovua hedifoni mkono wake ulikuwa na ganzi na chai yake ilikuwa baridi. Hapa lazima tumtendee haki: mtu huyu alikuwa na maringo ya kujaza gunia, lakini sikio alikuwa nalo. Alijua amesikia kitu kikubwa.

Shida ilianza alipofungua mdomo.

Jumamosi hiyo aliwafundisha wasikilizaji namna ya kulitamka jina. "Anza kama unataka kukohoa," alisema, "halafu ghairi." Wiki iliyofuata aliwaambia kwamba msanii anatoka kaskazini ya mbali. Nani alimwambia? Hakuna, ila mtu akisikia baridi ile atasemaje? Wiki ya tatu msanii akawa anaishi peke yake kando ya ziwa lililoganda. Wiki ya nne akawa amefiwa. Mkutubi alipiga simu akisema kukosekana kwa irabu ni maombolezo, kwa kuwa irabu ndiyo pumzi ya neno, na Sikio akashusha pumzi hewani kwa sekunde saba nzima.

Alimwandikia msanii barua ndefu ya kurasa tatu, iliyojaa maswali juu ya ukimya, baridi na kifo cha viwanda. Jibu likaja siku ya pili. Lilikuwa nukta. Nukta moja tu, katikati ya weupe.

Sikio aliizungumzia nukta hiyo kwa dakika kumi na nne. Wimbo uliopangwa ukakosa muda.

Nyumbani, wiki chache kabla ya baruapepe ile, friji lao lilikuwa limeanza kelele. Lilinguruma, likatetemeka, likanyamaza, likagonga mara tatu, likaanza upya. "Friji hili litaniua," Sikio alimlalamikia mkewe. "Mtu wa kazi yangu hawezi kuishi na uchafu wa sauti namna hii. Mwite kaka yako." Fundi akaja, akainama nyuma ya friji muda mrefu kupita kiasi, simu yake mkononi.

"Unapiga picha?" Sikio akauliza.

"Nachukua vipimo," fundi akasema.

Mambo yangeweza kwenda hivyo hadi leo, kama Sikio asingetia chumvi siku moja mbele ya Meneja. Meneja wa redio alikuwa mama mnene, mchangamfu, aliyewahi kuuza bima, na asiyejua tofauti kati ya muziki wa kielektroniki na hitilafu ya mitambo. Mara mbili alishakimbilia studio akidhani kumeungua. Siku hiyo alimkuta Sikio kwenye korido, akamuuliza huyo mtu wake wa kikohozi anaendeleaje.

"Tumeongea jana kwa simu," Sikio akasema. Ulimi ulimponyoka tu. "Saa mbili nzima."

"Kumbe mnaongea!" Meneja akapiga makofi. "Basi mlete hewani. Jumamosi ijayo redio inatimiza miaka kumi. Nataka mahojiano ya moja kwa moja, na simu za wasikilizaji. Nishaanza kutangaza, hesabu nimeshatangaza."

Sikio alishuka ngazi akakimbilia kompyuta yake. Aliandika barua ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakupata hata nukta. Usiku wa Jumatano haukuleta usingizi, na Alhamisi asubuhi, akiwa amekosa mbele na nyuma, alikwenda karakana.

Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo, anafungua kompresa. Sikio akafunga mlango, akasafisha koo, akaeleza yote: msanii mkubwa, simu ambayo haikupigwa, Meneja, Jumamosi.

"Nahitaji mtu mwenye sauti nzito asiyejulikana redioni," akamalizia. "Utakaa hapa hapa na simu yako. Utajifanya yeye. Kwa dakika ishirini tu, shemeji, niokoe."

Fundi alimtazama. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Unataka mimi nijifanye Fnd Frj."

"Hutamki hivyo, kwanza. Kohoa kidogo."

"Na ukiona sifai?"

"Najua hufai," Sikio akasema bila kupepesa. "Lakini sina mwingine."

Fundi akageukia ukutani. Mabega yake yalitikisika muda mrefu, na Sikio, ambaye haja ilikuwa imemziba macho, alidhani shemeji yake ameguswa.

Walifanya mazoezi jioni hiyo. Sikio alikuwa mwalimu mkali. "Usijibu haraka. Msanii akiulizwa swali anakaa kimya kwanza, kama anayetafuta ufunguo mfukoni. Haya. Unatengenezaje sauti zako?"

Fundi akakaa kimya. "Narekodi, halafu nakata, halafu naziweka kwenye..."

"Hapana! Sema: sauti hazitengenezwi, zinawasili."

"Lakini zinatengenezwa, shemeji. Nadhani tu, yaani. Mtu huyo lazima atakuwa amekesha."

"Wewe unajuaje msanii wa namna ile anafanyaje? Fuata karatasi."

Fundi akaifuata karatasi. Alikunja uso mara moja tu, pale ilipoandikwa kwamba anachukia mashine.

Jumamosi ikafika. Duka la magodoro lilifungua redio kwa sauti ya juu, Meneja alivaa gauni la sherehe na kusimama nyuma ya kioo cha studio, na saa nane na nusu Sikio akatangaza, kwa sauti iliyokaribia kububujika, kwamba kwenye laini, kutoka mbali sana, yuko mtu ambaye hajawahi kuzungumza na redio yoyote duniani.

Dakika kumi za kwanza zilikwenda kama maji. Fundi alinyamaza pale pa kunyamaza. Alisema sauti zinawasili. Alisema ukimya ni ala. Mkutubi alipiga simu na kushindwa kuuliza swali kwa sababu ya kwikwi. Sikio akaanza kunenepa kitini, akasahau kabisa kwamba anayeongea naye ni shemeji yake, na hapo akatoka nje ya karatasi.

"Tuingie kwenye wimbo wa nne," akasema. "Ule mngurumo unaosimama, halafu mapigo matatu. Mimi nasikia mtu anayegonga mlango wa nyumba alimofiwa, kule kaskazini, kwenye theluji. Niambie kama nimekosea."

Kimya. Safari hii hakikuwa cha kwenye karatasi.

"Umekosea, shemeji," fundi akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Ule ni friji lenu."

Nyuma ya kioo Meneja aliinua kichwa.

"Wasikilizaji, msanii ana ucheshi wa aina ya pekee," Sikio akaanza.

"Sio ucheshi. Kompresa ya friji lenu ilikuwa imekufa mguu mmoja, ndiyo maana inagonga mara tatu. Sauti nzuri sana. Nilirekodi siku ile nikakuambia nachukua vipimo. Wimbo wa kwanza ni friji la duka la nyama. Ile barafu inayovunjika juu yake ni jokofu la hospitali lililozimwa baada ya miaka tisa. Mimi sitoki kaskazini. Niko mtaa wa pili kutoka hapo. Na jina langu linatamkwa Fundi Friji. Niliondoa irabu, basi."

Taa zote za simu ziliwaka kwa pamoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu redio ifunguliwe. Sikio akabonyeza iliyokuwa karibu.

"Hiyo sauti naijua!" alifoka mama mmoja. "Wewe fundi, wewe! Friji langu lina wiki tatu kwako! Kila nikija unaniambia kipuri hakijafika, kumbe unaliimbisha?"

"Kipuri kimefika jana, mama," fundi akasema kwa unyenyekevu. "Nakuletea Jumatatu. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, lete friji!"

Meneja alikuwa anazungusha mkono hewani: endelea, endelea. Sikio alifanya kitu pekee alichoweza. Aliweka wimbo, akazima maikrofoni, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Shemeji, umenimaliza! Nilikuomba ujifanye yeye!"

"Ndiyo mimi."

"Acha kuigiza sasa, tumeshatoka hewani!"

"Siigizi. Subiri." Fundi akaiweka simu karibu na kompyuta yake. Ukasikika mngurumo mwingine, mpya, ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia, ukipanda taratibu huku mdundo mkavu ukitembea chini yake, tak, tak, tak-tak.

Sikio alikuwa amewaambia watu kwamba mkono ule angeutambua hata gizani. Akautambua. Aliutambua kabla ya pigo la pili.

"Na ile nukta?" akauliza, na hakujua kwa nini swali hilo ndilo lililotangulia.

"Nilikuwa na grisi mikononi. Nilitaka kufuta, nikatuma."

Jioni hiyo mkewe hakucheka, na hilo lilimtisha kuliko kicheko. Alikuwa anasahihisha mitihani mezani. "Kaka yangu alikupa flashi miaka miwili iliyopita," akasema bila kuinua macho. "Iko wapi?"

Sikio alijua ilipo. Ilikuwa kwenye droo ya mkewe mwenyewe, imejaa mitihani ya kidato cha pili. Mwalimu alipokosa pa kuhifadhi maswali yake, mumewe ndiye aliyempa. Alifuta kwanza vilivyokuwemo, bila kufungua hata kimoja.

"Milinganyo," mkewe akasema, alipokumbuka. "Ulifuta muziki wa kaka yangu nikaweka milinganyo." Akaweka kalamu chini, akaenda kulala chumba cha watoto.

Jumapili Sikio akarudi karakana. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yote mazuri, na alipofika akakuta hayafai. Akasimama kati ya mafriji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," fundi akasema. "Hukusikiliza. Nikabaki najiuliza: muziki ndio mbaya, au mimi ndiye mbaya? Nikaona niutume wenyewe, bila mimi."

"Na ukajua?"

"Wiki ya kwanza tu, ulipoacha chai ikapoa na kusimulia hewani. Nilifurahi, shemeji, nisikufiche. Nikataka kuja kukuambia siku hiyo hiyo. Halafu ukasema katika mji huu mzima hakuna mtu anayeweza kutengeneza kitu kama kile. Nikasema, ngoja basi, niendelee kutoka kaskazini."

Sikio akakaa juu ya ndoo. Akamwambia kuhusu flashi na mitihani. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Nakala huna?" Sikio akauliza.

"Kompyuta ile iliungua. Na mafriji yale nilishayatengeneza. Hayalii tena."

Hakuna aliyesema kitu baada ya hapo. Sikio, ambaye kwa miaka sita alikuwa ameueleza ukimya wa kila aina, huu hakuupatia jina.

Jumamosi iliyofuata alikiri hewani. Alisema kweli yote: ziwa, msiba, simu ya saa mbili. Alikiri vizuri mno. Alikiri kwa dakika ishirini na tano, akaingia kwenye maana ya kukiri, akagusia historia ya uongo, hadi mlinzi wa kituo cha mafuta akapiga simu kuomba wimbo. Kisha akapiga mkutubi. Sauti yake ilikuwa baridi. Yeye na wenzake kumi na wawili walikuwa wamekutana maktaba, wamesikiliza upya nyimbo zote sita, na wameridhika kwamba huyo fundi ni tapeli. Fnd Frj halisi, alisema, yupo, ameumizwa na kelele hizi, na amenyamaza. Alisema ukimya wake ndio ushahidi. Sikio alibishana naye robo saa, akajikuta anapambana na hoja zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa imara. Hakushinda.

Meneja, kwa upande wake, hakuwahi kuwa na furaha namna ile. Alimpa fundi kipindi. Fundi akakataa, kwa kuwa mafriji yalikuwa yameongezeka. Nusu ya mji ilikuwa inaleta mafriji mazima, ati ayasikilize tu aone kama yana kipaji.

Siku ya Jumatatu yenyewe, kabla ya hayo yote, friji la yule mama lilikuwa limepelekwa kama ilivyoahidiwa. Gari la mizigo lilipatikana, wabebaji hawakupatikana, na fundi akampigia shemeji yake. Sikio akaja na shati la kazini. Yule mama aliishi ghorofa ya nne na ngazi zilikuwa nyembamba. Walipanda hatua kwa hatua, fundi juu, Sikio chini, friji likiwa limemwegemea kifuani na mlango wake ukimpiga kidevuni kila kona. Hakuwa na pumzi ya kusema neno.

Mama alifungua mlango, mikono kiunoni. Aliwaelekeza pa kuliweka, wakaliweka. Aliwaambia si hapo, wakalisogeza. Fundi akachomeka waya. Friji likashtuka kidogo, likaanza kufanya kazi, kimya kabisa.

Wote watatu wakasimama wakilisikiliza.

"Sasa hili," mama akasema, "ndilo friji." Akamgeukia Sikio, ambaye alikuwa ameshika ukuta, jasho linamtiririka. "Na wewe ndiye yule wa redioni?"

"Ndiyo, mama."

"Shika upande ule, basi. Nimebadilisha mawazo, nalitaka pale dirishani."

Sikio akashika upande ule.